Majogoo Waliokwenda Matangani

Siku hizo Kuze, mtaa wa Mvita, hakukuwa na alfajiri. Adhana iliadhiniwa na jua likachomoza, lakini majogoo hawakuwika, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umebaki bila jogoo hata mmoja. Walitoweka mmoja mmoja, kwa ustaarabu wa ajabu. Mitetea waliachwa, mayai yakaachwa, vifaranga wakaachwa walie. Mwizi alitaka madume tu. Watu wakawa wanalala mpaka jua linawaingia chumbani, wakiamka wamelegea, wakipita vichochoroni nusu yao wako macho na nusu bado wamo ndotoni.

Hind binti Sefu hakulegea kwa usingizi. Yeye alilegezwa na mapenzi, maradhi ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwatibu wenziwe.

Kazi yake ilikuwa kupoza nyoyo. Bibi yake aliwapunga watu pepo kwa ngoma na vishindo. Hind aliirithi kazi, ngoma akaziacha. Alimkalisha mgonjwa mkekani, akafukiza udi kidogo, akauliza swali moja, kisha akanyamaza. Wanawake walitoka mpaka Bondeni kuja kunyamaziwa na Hind. Waliyatoa yote, ya mume na ya mavyaa na ya ndotoni, na yaliyosemwa kwenye mkeka ule yalibaki kwenye mkeka ule. Hilo alimwapia bibi yake kitandani pa mauti, na hakuwahi kulivunja.

Polisi walimjua kwa sababu ya pete. Mwaka uliopita mtumishi mmoja alituhumiwa kuimeza pete ya bwana harusi, na kituoni wakamnywesha mafuta ya mbarika ya kuharisha, wakangoja itoke, wapi. Sajini Hamid, kijana wa Bondeni mwenye subira kuliko wenziwe, akamwomba Hind azungumze na watu wa nyumba ile. Alasiri moja ikatosha. Pete aliificha bwana harusi mwenyewe, maskini, alikuwa anaogopa kuoa.

Tangu hapo Hamid alikuja kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, akiwa na kesi ama hana. Mambo yalikwenda kwa adabu zote. Yeye alikaa kwenye benchi la duka la nguo la Amin, kaka yake Hind. Hind alikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango wa nyumba. Amin alikaa katikati yao akipima leso, masikio kayatega. Lakini pazia lile lilikuwa fupi kidogo upande mmoja, na pale penye upenyo Hind aliijua mikono ya Hamid kuliko alivyoijua yake. Alijua kikombe cha kahawa hukishika vipi anapofurahi, na vipi anapotafuta neno. Usiku aliiota mikono ile, haifanyi lolote, imekishika kikombe tu, na aliamka moyo unamwenda mbio.

Mwezi uliopita Hamid alileta posa. Wazee wake walikuja na kanzu zao nyeupe, na Amin akapanda juu kumuuliza dadake. Hind aliinamisha uso, akatazama vidole vyake, akanyamaza. Ndivyo alivyofanya alipokuwa mwari, alipoposwa na marehemu mumewe: alinyamaza hivyohivyo, na kabla hajainua uso shangazi zake walikuwa wameshapiga vigelegele. Basi safari hii naye akangojea vigelegele. Hakusikia kitu. Amin alishuka, wazee wakaenda zao, na tangu siku ile kakake alizungumzia bei ya kitambaa cha marekani tu. Hind aliona haya kuuliza. Alijipa moyo kwamba wanaume wanapanga mambo yao.

Alhamisi hii, Hamid alipoingia, alisema, "Masalkheri, Bi Hind."

Alikuwa akimwita Hind tu. Neno lile dogo la heshima lilimchoma nyuma ya pazia.

"Masalkheri, Sajini," alijibu. "Wasemaje huko kituoni?"

Hamid akaeleza. Bwana mkubwa wa polisi, yule aliyezoea kupita mjini kwenye kigari cha kusukumwa juu ya reli, alikuwa na jogoo aliyeletwa kwa meli kutoka kwao Ulaya, mweupe pepe, mwenye sauti ya kuamsha kisiwa kizima. Alimpenda jogoo yule waziwazi, kuliko alivyowapenda askari wake. Jumanne jogoo naye alitoweka. Nyumba zote za Kuze zilipekuliwa, askari wakachungulia mpaka ndani ya mitungi, na Amin, ambaye jogoo wake mwekundu alikuwa wa kwanza kupotea, alikwenda kituoni kulalamika mpaka wakawa wakimwona tu wanajificha.

"Nisipompata kabla ya Jumamosi," Hamid alisema, "mimi ndiye nitakayepanda gari la moshi. Kisumu. Bwana mkubwa asema huko majogoo ni wengi, nikajifunze kuwalinda."

Amin alicheka ndani ya leso. Hind hakucheka.

"Na wewe wasemaje?"

"Nasema hewala. Kimebaki nini cha kunizuia Mvita?"

Huyu ni mtu aliyeposa na kukubaliwa, Hind alijiambia, na sasa anatafuta njia ya kutokea.

"Sajini haoni kitu hata kimoja?"

"Nilikiona. Nikatuma watu wangu wakakiulizie, na jawabu nikapewa."

"Aliyepewa jawabu alilolitaka hapandi gari la moshi."

"Kweli," Hamid alisema taratibu. "Aliyepewa alilolitaka."

Hapo wari wa kupimia nguo ukamponyoka Amin, ukaanguka sakafuni kwa kishindo. Akauokota, akakohoa, akamuuliza Hamid kama huko Kisumu kuna baridi. Kwenye upenyo Hind aliona mikono ya Hamid imekizunguka kikombe bila kukinyanyua, na alitamani kulichana pazia lile vipande vipande.

"Nakuuliza kwa ajili ya kazi tu," Hamid alisema mwishowe. "Wamjua anayewachukua?"

Alimjua. Alimjua tangu Jumatatu. Neno moja kutoka kwake, na Hamid angebaki. Lakini neno lile lilikuwa la mkekani, na halikuwa lake. Alifumba macho nyuma ya pazia, na ukimya ukawakalia wote watatu kama joto la alasiri ile.

"Haya," Hamid alisema. "Ndilo jawabu lako siku zote." Akaondoka. Kahawa aliiacha kikombeni, haikuguswa.

Amin alianza kusema kitu. Alimwangalia dadake alivyotoka nyuma ya pazia akijifunika buibui, uso umemvimba kwa machozi ambayo bado hayajatoka, akaona ni heri aendelee kupima leso.

*

Nyumba ya Bi Swabaha ilikuwa mlango wa tatu, na ndiyo nyumba pekee ya Kuze ambayo haikupekuliwa. Bi Swabaha alikuwa kwenye eda. Mumewe, Mzee Sheikhan, alikuwa amefariki siku si nyingi, naye alikaa ndani bila udi wala asumini wala wanja, na hakuna mwanamume asiyekuwa maharimu wake aliyeweza kuvuka kizingiti. Askari walifika mlangoni, wakatoa pole, wakapita.

Hind alipanda juu, akamkuta kakaa kwenye kitanda chake cha samadari, kile cha zamani kirefu ambacho mtu hawezi kukipanda bila kidaraja. Jumatatu Hind alikaa pale pale, na kitu kikamdonoa kisiginoni. Alipoinama akaona matenga, mafupi mafupi, yamefunikwa mikeka, na ndani ya matenga majogoo wa Kuze wamejikunyata gizani bila sauti. Jogoo asipoweza kunyoosha shingo hawiki. Hilo Mejumaa, mtumishi wa nyumba ile, alilijua tangu kwao Rabai, na yeye ndiye aliyewachukua wote, mmoja mmoja, chini ya buibui. Nani angemsimamisha mwanamke aliyejifunika akamuuliza kabeba nini?

Na sababu, Bi Swabaha aliitoa siku ileile, akilia. Kila ilipokaribia alfajiri Sheikhan alimjia ndotoni. Alikaa kwenye kidaraja cha kitanda, akavua kofia, akamtazama. Akafungua kinywa kumwambia jambo. Na kila mara jogoo akawika, yeye akaamka.

"Jana alikuja?" Hind aliuliza sasa.

"Alikuja. Akakaa mpaka jua likapanda."

Hind alinyamaza, akangoja.

"Hakusema kitu," Bi Swabaha alisema. Akarudia, sauti ikiwa ndogo kama ya mtoto. "Majogoo wote hawa, mwanangu, mpaka wa Mzungu, na hakusema kitu. Anitazama tu."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Mimi?" Bi Swabaha alishtuka kama aliyeulizwa jambo la aibu. "Mimi namngoja yeye."

Chini ya kitanda jogoo mmoja alijigeuza. Hewa ya chumba ilikuwa nzito na tulivu, na mwanga wa alasiri ulipita kwenye tundu za dirisha ukalala sakafuni. Hind aliona jambo lile likimwingia mwenziwe polepole, kutoka machoni mpaka mabegani.

"Tuliishi hivyo," Bi Swabaha alisema. "Yeye akimaliza kula asema alhamdulillahi, nami nasema sahani niondoe? Nilikuwa nangoja aanze. Labda naye..." Alikigeukia kidaraja kitupu. "Nilikupenda, Sheikhan. Nilikupenda tangu siku ya nikahi, uliposhikwa na chafya mbele ya kadhi, ukaona haya. Nilikuwa nachungulia. Sikukwambia."

Alilia, na katikati ya kilio akacheka, na Hind, aliyekaa na vilio vya Kuze nzima bila kutoa chozi, akajikuta naye analia, na chake hakikuwa cha Sheikhan.

Bi Swabaha alijifuta macho, akamtazama. Kisha akamfanyia vilevile alivyozoea kufanyiwa na yeye. Akanyamaza, akangoja.

Hind akasema. Akasema ya mikono na kikombe, ya posa, ya Kisumu. "Aliniuliza nikamjibu, Bi Swabaha. Sasa ananiita Bi Hind."

"Ulimjibu nini?"

"Nilinyamaza. Kama mara ya kwanza."

Bi Swabaha alijipiga paja, akasahau kwamba yumo edani. "Ama wewe, Hind. Wafungua vinywa vya watu mji mzima, na hili hulijui? Mwari ndiye akinyamaza ameridhia. Wewe si mwari tena. Mjane hana budi aseme kwa ulimi wake, asiposema ni kama amekataa. Mimi Sheikhan alikuwa mume wangu wa pili. Nilitamka mpaka kadhi akaniambia basi, tumesikia."

Damu ilimpanda Hind usoni. Aliuona wari ukimponyoka Amin. Aliwaona wazee wa Hamid wakiteremka kichochoroni na kanzu zao nyeupe, na kakake akiwaambia, bila uongo hata kidogo, dada yangu hakutamka. Mwezi mzima mtu yule alikuja kila Alhamisi kukaa kwenye benchi la nyumba aliyokataliwa, akamwamkia kwa heshima, akanywa kahawa.

"Na sasa anakwenda," alisema. "Anapelekwa bara kwa sababu ya..." Akajiziba mdomo kwa mkono.

Bi Swabaha aliinama akatazama chini ya kitanda. Akatazama pia kile kidaraja, kwa muda.

"Kwa sababu ya huyu mweupe," alisema.

"Sikusema mimi."

"Hukusema." Bi Swabaha alinyoosha leso yake ya kichwani, akaita, "Mejumaa. Njoo uyafungue matenga."

*

Majogoo waliteremka ngazi kwa vurugu, wakatoka mlangoni kwa pamoja, wakakutana na jua. Siku nyingi walikuwa gizani. Kila mmoja aliamini kwamba alfajiri imeingia na kwamba yeye ndiye aliyekabidhiwa kuitangaza. Wakapanda barazani, wakapanda magunia, wakanyoosha shingo zilizokuwa zikiwauma, wakawika.

Kuze ikachanganyikiwa. Bwana mmoja aliyekuwa amejinyoosha alikurupuka akatawadha, akafika msikitini ndipo akauliza ni sala gani. Watoto walilia kwa kuamshwa. Amin alitoka dukani wari mkononi, na jogoo wake mwekundu akampita hivi bila hata salamu.

Hamid hakuwa mbali. Alipotoka dukani alifika kwenye kona ya kichochoro tu, akakaa kwenye baraza ya watu, kwa kuwa miguu ilimkatalia kwenda mbele. Sasa alikuja mbio, kaptura na magoti wazi, yale magoti ambayo Amin alikwisha sema mwenye nayo hawezi kuwa shemeji yake. Alifika mlangoni kwa Bi Swabaha wakati jogoo mweupe anatoka, wa mwisho, kwa mwendo wa bwana mkubwa. Hamid akamdaka. Kisha akausoma mlango ule, wazi nusu, na giza la ndani, na buibui la Hind lililosimama nyuma yake. Alielewa. Hind aliona kwamba ameelewa, na Hamid alikuwa mbele ya mtaa mzima, na neno lake moja lingemfanya shujaa kituoni na kumwaibisha mjane aliye edani.

"Hii ni nyumba ya eda," Hamid alisema kwa sauti, wote wasikie. "Polisi haiingii. Naona majogoo hawa walikuja matangani, wakachelewa kurudi. Ndivyo nitakavyomweleza bwana mkubwa. Kila mtu achukue wake."

Watu wakacheka, wakaanza kukimbizana na kuku. Hind alisimama gizani na mkono kifuani. Kama alikuwa amebakiza shaka yoyote juu ya mtu huyu, iliondoka hapo. Akavuka kizingiti.

"Kaka Amin."

Amin aligeuka, jogoo mwekundu kwapani.

"Ulipanda juu mwezi uliopita ukaniuliza jambo," Hind alisema. "Sikukujibu."

Amin alimtazama dadake, akayatazama magoti ya Hamid, akatazama chini. Sauti yake ilipotoka haikuwa ya mtu mwenye kiburi.

"Askari hupelekwa bara, Hind. Leo wamesema Kisumu, kesho watasema kwengine. Nilikuona ulivyolia mara ya kwanza, ulipofiwa. Sikutaka nikuone tena."

"Najua. Na ungeniuliza mara ya pili ningekwambia."

"Hapa njiani, dadangu?"

"Nimeridhika," Hind alisema.

Majogoo wakawika.

"Sikusikia," Amin alisema, na Mungu ndiye ajuaye kama kweli hakusikia.

"Nimeridhika na Hamid."

Wakawika tena, wote pamoja, wa barazani na wa kwenye magunia na yule wa kwapani. Hind, mwanamke ambaye uganga wake wote ulikuwa ni kusema kidogo na kwa sauti ya chini, alivuta pumzi, akajaza kifua. Na kwa wakati uleule, kama waliopeana ishara, majogoo wote wakanyamaza.

"Namtaka Hamid."

Sauti ilikwenda mpaka mwisho wa kichochoro, ikagonga ukuta wa msikiti, ikarudi. Aliyekuwa akikimbiza kuku alisimama. Hind alitamani ardhi ipasuke immeze, na papo hapo hakujuta hata chembe. Juu, nyuma ya dirisha la Bi Swabaha, mtu mmoja ambaye hakustahili kupiga kigelegele akiwa edani alikianza kimoja, akakikatiza katikati.

Amin aliweka wari chini. Jogoo wake akamdonoa kifungo cha kizibao.

"Nimesikia," alisema. "Na Bondeni wamesikia." Kisha akamgeukia Hamid, aliyekuwa amesimama pale pale na jogoo wa Ulaya mikononi, macho yake hayakutoka kwa Hind, kama mtu anayeogopa kupepesa asije akaamka. "Mrudishe kuku wa watu, shemeji. Ukimaliza vaa kanzu, uje na wazee wako."

Hamid alifungua kinywa ajibu, na jogoo mweupe akawika kabla yake.